Barua ya wazi kwa wakubwa wa reli na malikale: Kusini nako treni ilipita

Kwenu Waheshimiwa,

Mnaosimamia reli za nchi hii, mnaosimamia malikale na makumbusho, pamoja na nyie viongozi wetu wa mikoa ya Mtwara na Lindi.

YAH: MABAKI YA RELI YA KUSINI KUACHWA YAPOTEE

Shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine poleni na kazi.

Waheshimiwa, mniwie radhi kuandika haya hadharani, mi sio mtu wa kelele na wanaonifahamu hapa Ligula, Mtwara mjini, watawaambia. Ila barua za kawaida nshaandika, kwa adabu zote, zikapokelewa zikagongwa muhuri nikaambiwa tutalifanyia kazi, nikirudi kuulizia naambiwa faili limehamia kwingine, nikifika huko kwingine naambiwa kaka hili sio la kwetu sisi tunahusika na reli zinazofanya kazi, hiyo yenu ilishang'olewa, nenda kwa watu wa mambo ya kale. Nako kwa mambo ya kale nikaambiwa reli sio kale kihivyo. Yaani ni mpya mno kwa hawa na imekufa mno kwa wale. Basi nikaona niandike mahali ambapo wote mtasoma kwa pamoja, ili yule anayehusika ajijue mwenyewe.

Kwa msomaji asiyejua, na najua wapo wengi hata waliozaliwa hapa hapa Chikongola na Magomeni, Kusini tulikuwa na reli. Sisemi mpango wa reli, mipango tunayo mingi, nasema reli yenyewe, chuma chini na treni juu. Baada ya vita ya pili ya dunia Waingereza kwao mafuta ya kula yalikuwa shida, mwaka 1946 wakapanga kulima karanga Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni 3, huko Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Sasa Nachingwea iko ndani, karanga zikivunwa zitafikaje kwenye meli? Ndio wakatandika reli kutoka Mkwaya, pale kwenye mkono wa bahari wa Lindi, mpaka Nachingwea, na wakaja kujenga bandari ya maji marefu hapa Mtwara, maana ghuba yetu ina kina cha kuzaliwa nacho, na reli ikaletwa mpaka hapo bandarini kwa kupitia Mikindani. Baadae ikatolewa tawi la kwenda Masasi. Karanga zikagoma, mvua hazikueleweka, ardhi ikawa ngumu, matrekta yakafa porini, na mwanzoni mwa 1951 mpango mzima ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimeshateketea. Reli ikabaki ikihangaika na mizigo ya hapa na pale, mwaka 1962 uhuru bado mbichi kabisa ikafungwa, na baadae vyuma vikang'olewa. Toka hapo mpaka leo mtu wa Kusini akitaka kuona treni anapanda basi kwenda Dar.

Na huu mji wa Mtwara wenyewe mnaouona, barabara pana, mitaa imetawanyika utadhani walikuwa wanagawa viwanja bure, haukuota tu. Ulipimwa kwa ajili ya ile bandari na ile reli, kabla ya hapo mji ulikuwa Mikindani. Kwaiyo mtu akiniambia reli haina historia hapa namshangaa, ofisi anayokaa ipo pale ilipo kwa sababu ya hiyo reli.

Sasa mtauliza huyu kijana yanamuhusu nini haya, umri wake na 1962 wapi na wapi.

Mi treni ya mvuke nimeipanda. Sio hapa, mi nimezaliwa ya hapa imekufa zamani. Baba yangu mdogo alikuwa Nairobi anauza vinyago, kama Wamakonde wengi waliofuata soko la watalii kule, na mi utotoni nilikaa kwake kipindi. Kule wana makumbusho ya reli toka mwaka 1971, yako karibu na stesheni kuu, na baadhi ya vichwa vya zamani walivihudumia vikawa vinatembea kweli, siku moja moja wanafungiwa mabehewa wanapeleka watu matembezi. Mteja mmoja wa baba mdogo aliyechukua mzigo wa vinyago akampa na tiketi, na baba mdogo ambaye kwa kawaida hela ya soda tu ilikuwa mjadala siku hiyo akavaa suruali ya Idi.

Kichwa kilichotuvuta kilikuwa namba 3020. Ubavuni kina kibao cha jina, Nyaturu. Baba mdogo akakisoma kwa sauti, akacheka mpaka watu wakageuka, akasema ona, hawa wa Singida, hawa wa kwetu, yaani tumekuja Nairobi kuvutwa na Mnyaturu! Nimekuja kujua ukubwani kwamba vichwa vya jamii ile vilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, na kwamba hiki cha 3020 kilitengenezwa Glasgow mwaka 1955, na aina yake ilifungiwa tenda kubwa, yaani lile tangi la maji linalovutwa nyuma ya kichwa, kwa ajili ya njia ambazo maji ni ya shida. Mtu yeyote anayejua Dodoma na Singida wakati wa kiangazi ataelewa walikuwa wanawaza nini. Kwaiyo kile kichwa hata kwa umbile lake kilifikiriwa kwa ajili ya nchi kama yetu, sio jina tu.

Nakumbuka joto kwanza. Upo mbali bado na tayari uso unahisi. Alafu harufu, na hapa niwarekebishe wanaochora treni za makaa kwenye vitabu vya watoto, vichwa vya huku kwetu enzi hizo vilikuwa vinachoma mafuta mazito, ile harufu ni ya mafuta na chuma cha moto na mvuke wenye unyevu unaokulowesha shati. Kichwa hakiwashwi kama gari kwamba unazungusha ufunguo unaondoka, boila lazima lianze kupashwa mapema, masaa na masaa, mafundi wanazunguka na chupa za oili wanalisha viungo kimoja kimoja, dereva anashuka anagusa anasikiliza anapanda. Wale walikuwa wazee. Nadhani wastaafu walioitwa, maana vijana walikuwa wamesimama pembeni wanaangalia mikono yao inavyofanya. Fayamani, yule wa kutunza moto na boila, alikuwa anasoma geji na kufungua maji bila hata kuangalia mkono wake uko wapi.

Tukaondoka, tukapita Kibera taratibu, nyumba ziko karibu na reli kiasi kwamba unaona chakula jikoni kwa mtu, watoto wanakimbia sambamba na sisi wanapiga kelele na watu wazima pia wanatoka kuangalia, watu ambao treni za dizeli zinawapita kila siku na hawageuzi shingo. Alafu njia ikaanza kupanda kuelekea Kikuyu. Hapo ndio nilielewa kitu ambacho sijawahi kukisahau. Kwenye mlima kile kichwa unakisikia kinafanya kazi. Kinapumua, pumzi inakuwa nzito, zinaachana, moja, ... nyingine, kama mzee anayepanda ngazi na gunia, mpaka behewa zima mmenyamaza mnakisaidia kwa roho, na kikifika kwenye tambarare pumzi zinafuatana tena na mama mmoja nyuma yetu akasema haya, tumefika salama, wakati bado hata nusu ya safari. Nilichungulia dirishani kinyume na amri nikapata chembe ya masizi jichoni, baba mdogo akanitoa kwa ncha ya leso, shati langu jeupe halikurudi kuwa jeupe. Na siku hiyo ndio nikajua fizikia ipo, kwamba maji ukiyachemsha na kuyabana yanavuta mabehewa, kabla mwalimu yeyote hajaniambia.

Kwenye ule uwanja wa makumbusho vilikuwepo pia vile vichwa vikubwa vya mvuke, aina waliyoiita darasa la 59, vyenye viungo viwili, tani 252 kimoja, vilitengenezwa 34 tu kule Manchester na vikapewa majina ya milima. Viwili vilivyobaki pale ni Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko Arusha, Shengena iko Upare. Milima yetu yote miwili imepaki Nairobi! Nasema hivi bila wivu, nawashukuru sana Wakenya, wasingevitunza mi ningekuwa sina cha kukumbuka.

Baada ya hayo, Waheshimiwa, malalamiko yangu ni haya.

1. Mabaki yanaisha na hakuna anayehesabu. Tuta la reli bado unaliona sehemu sehemu ukijua pa kuangalia, kwingine limekuwa njia ya baiskeli na bodaboda, kwingine limelimwa mihogo na mimi simlaumu mkulima, hakuna aliyemwambia lile ni nini. Ila vyuma ndio vinauma. Biashara ya chuma chakavu mnaijua, kila chenye chuma kinachoweza kung'oka kinang'oka, kinapimwa kwenye mizani kinapakiwa fuso kinaenda kuyeyushwa. Kipande cha reli, msumari wa taruma (lile linalolazwa chini kushikilia reli), kibao, bei yake pale ni kilo tu. Na msiseme sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vya kabla ya 1863, vya baada ya hapo mpaka Waziri avitangaze. Reli ya miaka ya 1940 haijilindi yenyewe, lazima mtu aamue kuilinda, na mpaka sasa sijaona aliyeamua.

2. Wazee wanaondoka. Hili ndio linanikosesha usingizi kuliko tuta, tuta hata likilimwa udongo upo. Pigeni hesabu wenyewe, aliyekuwa na miaka 20 reli inafungwa mwaka 1962 leo ameshapita 80. Aliyekuwa mtoto wa kukimbiza treni naye ni mzee wa fimbo. Kuna mzee mmoja Mikindani nilienda kumsalimia, nikamuuliza kuhusu treni kwa kujaribu tu, akanyamaza kidogo akauliza, mjukuu wangu nani kakutuma? Nikamwambia hakuna, nimetaka kujua tu. Basi akafunguka, akanieleza jinsi walivyokuwa wanajua saa kwa honi, nani alikuwa anauza mayai na ndizi kwa abiria, mama yake alivyokuwa anamkataza kucheza relini na yeye anaweka sikio kwenye chuma kusikia kama inakuja. Akanieleza na siku vyuma vilipoanza kung'olewa, kwamba watu walidhani wanabadilishiwa vipya! Wakasubiri. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote wa serikali, wa chuo, wa redio, aliwahi kuja kumuuliza. Akacheka tu. Sasa Waheshimiwa, simu ya mkononi yoyote inarekodi. Ile sauti ikizimika hakuna bajeti itakayoirudisha.

3. Kumbukumbu zetu ziko kwa wengine na hakuna anayefatilia. Toka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa kama shirika moja la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika 1977 kila mtu alibaki na kilichokuwa kwake siku hiyo. Ni kawaida kabisa kwamba picha, ramani na vitabu vya mahesabu vya reli ya Kusini viko nje ya Mtwara, huenda na nje ya nchi. Kuomba nakala sio dhambi.

4. Reli mpya. Tunasikia na tunafurahi, reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, mi mwenyewe naingoja kwa hamu na Mungu atujalie tuione. Lakini wapimaji wakiingia watapitia wapi? Mkondo mzuri wa reli ni mkondo mzuri wa reli, waliopita wa kwanza nao walitafuta mteremko mpole, inawezekana kabisa mabuldoza yakafuta kwa asubuhi moja kilichobaki miaka yote hii. Sijasema msijenge! Jengeni hata kesho. Nasema kabla ya buldoza apite mtu na kamera na daftari, basi.

5. Na watoto. Binti yangu darasa la tatu, wamefundishwa vyombo vya usafiri, treni anaijua ya kwenye simu. Mwaka 2024 ile ya umeme ya Dar mpaka Dodoma ilipoanza kuna wazazi hapa walijichanga wakapeleka watoto wao likizo wakapande, wakarudi wanasimulia, na ni jambo zuri sana. Ila hawa watoto wanaamini treni ni kitu cha Dar na Dodoma, kwamba huku hakijawahi kufika na pengine hatustahili. Hawajui mababu zao walipanda treni kutoka Mtwara wakati barabara ya kwenda Dar masika ikikatika ndio basi tena, unasubiri meli.

Najua majibu yenu, nshayasikia karibu yote, naomba niyajibu mapema tusipotezeane muda.

Mtasema hela hamna. Sijaomba kichwa cha mvuke kitembee Mtwara, kwa reli ipi? Kufufua boila najua ni gharama na ni kazi ya mafundi ambao wengine wameshatangulia mbele ya haki. Ninayoomba mengi ni mbao za alama, kinasa sauti, na mafuta ya pikipiki ya afisa mmoja. Makongamano ya siku moja yenye mabegi na fulana tunayaona, hela ya fulana ingetosha.

Mtasema ile ilikuwa reli ya mkoloni na mradi wenyewe ulifeli. Ni kweli ulifeli, na ulifeli vibaya, na ndio unafundishika. Boma la Mikindani nalo ni la mkoloni, Wajerumani walilijenga 1895, limekarabatiwa leo wageni wanalala humo na vijana wa Mikindani wanapata ajira. Halafu ile reli mkoloni alitoa amri tu, aliyebeba taruma ni nani? Aliyekata mwitu kutoka Mkwaya kwenda Nachingwea ni nani? Tukisema ni ya mkoloni tunamzawadia jasho la babu zetu bure.

Na hili la kusema ni la zamani halina faida, jamani, sisi watu wa Kusini tusiambiwe hivyo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, pale Tendaguru, Lindi, wapagazi wetu wakaibeba mabegani na vichwani mpaka Lindi, ikaingia melini, leo mjusi mwenye urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13 amesimama Berlin na watu wanalipa kiingilio kumuangalia, na sisi kila mwaka kuna mtu bungeni au redioni anauliza mjusi wetu atarudi lini. Kipindi kile hatukuwa na sauti. Hili la reli liko mikononi mwetu wenyewe, hakuna Mjerumani wa kumlaumu.

Mtasema tusubiri reli mpya ikija itakuwa na makumbusho yake. Wazee wa miaka 80 wasubiri mpaka lini?

Kuna na aliyeniambia kwamba mambo ya treni za moshi ni starehe za wazungu wenye muda. Huyu namsamehe, hakuwepo Kibera siku ile. Wale waliotoka nje ya nyumba zao za mabati kushangilia hawakuwa wazungu.

Ninachoomba sasa, na naomba kijibiwe kwa maandishi.

La kwanza kabisa, na hili halina gharama, mkae mkubaliane ofisi ipi inahusika na mabaki ya reli ya Kusini, mtangaze, ili mwananchi akiona mtu anang'oa kitu ajue pa kupiga simu. Mengine yote yanategemea hili.

Pili, sauti za wazee zirekodiwe mwaka huu huu. Mikindani, Mkwaya, Mtama, Nachingwea, Masasi na hapa mjini. Vyuo vipo, wanafunzi wa historia wanatafuta mada za kuandikia, wapeni barua ya utambulisho tu wazee wasiwaogope. Mi najitolea kuwapeleka kwa wale ninaowajua, nauli juu yangu.

Tatu, njia yote ya zamani ipitiwe, kila kilichobaki kipigwe picha na kuandikwa mahali kilipo, vichache vilivyo imara vitangazwe kisheria, na wanunuzi wa vyuma chakavu wa mikoa hii miwili wapewe katazo la maandishi. Wenyewe mnawajua, leseni mmewapa nyie.

Nne, chumba kimoja. Lindi wana Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia toka 1981, hatushindani nao, sisi tunataka chumba kimoja tu Mtwara au Mikindani chenye ramani ya ile njia, nakala za picha, kipande cha reli na hizo sauti za wazee, mtoto wa shule aingie bure. Na kama siku za mbele wenzetu wa reli mnaweza kutuazima kichwa chochote cha zamani, hata kisichotembea, hata cha kutu, kikakaa pale nje watoto wapande na kushuka na kuvuta nyenzo, mtakuwa mmetutendea jambo kubwa. Kisiwe chuma chakavu kwingine wakati huku tunakihitaji.

Tano, wapimaji wa reli ya Mbamba Bay wawekewe sharti la kuandika mabaki yote watakayokutana nayo kabla ya kuyaondoa.

Waheshimiwa, siandiki kwa hasira wala sina chama ndani ya hili. Kusini kuchele, tunasema wenyewe kila siku, korosho inalipa kiasi chake, gesi ipo, bandari imepanuliwa, barabara ya Dar haikatiki kama zamani. Tunachoomba hapa ni kidogo sana ukilinganisha na vyote hivyo, na wengi wa kukifanya bado wako hai.

Mwenye ofisi itakayokubali kuhusika, naomba atangaze kwenye redio za hapa au abandike kwenye mbao za matangazo za kata, tutaona na tutakuja. Mzee wa Mikindani nshamwambia kuna watu watakuja kumrekodi, akaniuliza lini, nikamwambia nawauliza wenyewe. Basi nawauliza, lini?

Wenu mtiifu,

Mkazi wa Ligula, Mtwara

Nakala: Waheshimiwa wabunge wa majimbo ambayo reli ilipita, walimu wakuu wa shule za msingi Mikindani na Mkwaya, na wafanyabiashara wa vyuma chakavu Mtwara na Lindi